Udhibiti Bila Maarifa: Nani Abebe Kazi ya Draiva ya Grafiki?

Mchezaji anafungua mlango ndani ya mchezo, na kabla chumba kipya hakijaonekana, skrini yote inaganda kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Kadi yake ya grafiki ni mpya, prosesa yake ina viini vingi, na kipimo cha wastani kinaonyesha fremu (picha kamili za skrini) 60 au zaidi kwa sekunde. Hata hivyo fremu moja kati ya hizo, iliyopaswa kukamilika ndani ya milisekunde 16.7, imechukua milisekunde 100, na jicho limeliona pengo hilo bila kuhitaji chombo chochote cha kupimia. Akipita tena kwenye mlango uleule, tatizo limetoweka. Kigugumizi cha namna hii kimekuwa lawama ya kudumu dhidi ya michezo ya kompyuta ya miaka ya karibuni, na wengi wanakihusisha na uzembe wa studio. Mimi naona chanzo chake kiko mbali zaidi, katika uamuzi uliofanywa kati ya mwaka 2013 na 2016 kuhusu nani abebe kazi ambayo hapo awali ilikuwa ya draiva.

Draiva ya grafiki ni programu inayokaa kati ya mchezo na kadi. Mchezo unaeleza unachotaka kichorwe; draiva inakagua kama maombi hayo ni halali, inayatafutia nafasi katika kumbukumbu ya kadi, inahakikisha kwamba picha inayotaka kusomwa imekwisha kuandikwa, kisha inazitafsiri sheda, yaani zile programu ndogo zinazoamua umbo na rangi ya kila kitu kwenye skrini, ziwe lugha ya mashine ya kadi husika. Katika OpenGL, kiolesura cha kuipa draiva amri kilichozinduliwa mwaka 1992, na katika kile cha Microsoft, Direct3D, hadi toleo la 11 la mwaka 2009, karibu kazi hizi zote zilifanyika nyuma ya pazia. Mwanaprogramu hakuambiwa ni lini draiva inahamisha data, wala ni amri gani kati ya amri zake itakayoifanya izame ghafla katika kazi kubwa. Alichora, akapima, akabadili kitu, akapima tena. Waliodumu katika kazi hiyo walizijua tabia za kila draiva kama mvuvi anavyoijua mikondo ya bahari, kwa miaka ya kwenda na kurudi.

Gharama ya kwanza ya utaratibu huo ililipwa na prosesa kuu. Kila amri ya kuchora ilibidi ikaguliwe upya, kwa sababu draiva haikuweza kujua kama hali ya mambo imebadilika tangu amri iliyotangulia. Amri elfu chache kwa fremu zilitosha kukijaza kiini kimoja cha prosesa huku viini vingine vikikaa bure, kwa kuwa violesura vya wakati huo vilibuniwa zama ambazo kompyuta ya nyumbani ilikuwa na kiini kimoja tu. Direct3D 11 ilijaribu kuruhusu amri ziandaliwe katika nyuzi kadhaa za utekelezaji kwa pamoja, lakini mafanikio yalitegemea draiva ya kila kampuni, na hayakufanana.

Gharama ya pili ilikuwa ya ukweli. Draiva inayofanya mambo kwa siri inaweza pia kufanya siri zisizo njema. Mwaka 2001 wachunguzi wa vifaa vya kompyuta waligundua kwamba draiva za kadi ya ATI Radeon 8500 zilikuwa zikilitambua jina la faili la mchezo wa Quake III. Faili hilo lilipobadilishwa jina na kuitwa quack, kasi ilishuka na picha za kufunika nyuso za vitu zikawa bora zaidi, ishara kwamba ubora ulikuwa umepunguzwa kimyakimya ili namba zipande. Miaka miwili baadaye, mwaka 2003, Futuremark waliishutumu Nvidia kwa draiva zilizoitambua programu yao ya kupimia, 3DMark03, na kukwepa kuchora sehemu ambazo kamera isiyobadilisha njia isingeziona. Visa hivyo vilisemwa sana, na vilistahili kusemwa. Ila vilifunika jambo la kawaida zaidi, ambalo halikuwa udanganyifu: watengenezaji wa kadi walikuwa na wahandisi waliochukua sheda za mchezo mashuhuri, wakaziandika upya kwa mkono, wakaziingiza ndani ya draiva ili zitumike badala ya zile za studio. Mchezaji alifaidika. Lakini studio ndogo, ambayo mchezo wake haukutarajiwa kuuzwa kwa mamilioni, haikupata mhandisi wa kuipangia sheda zake, na mwanaprogramu wa studio kubwa hakuweza kujua kama kasi anayoiona imetoka katika kazi yake au katika marekebisho ya mtu asiyemfahamu.

Kwa hiyo kilio cha kutaka udhibiti kilikuwa na haki. Waliokuwa wakitengeneza michezo kwa ajili ya konsoli, yaani mashine maalumu za kuchezea michezo, walijua kwamba mashine yenye nguvu ndogo kuliko kompyuta ya mezani inaweza kuchora amri nyingi zaidi, kwa sababu tu programu inazungumza na kadi kwa ukaribu zaidi. Johan Andersson, aliyeongoza kazi ya kiufundi ya injini ya Frostbite (injini ni programu ya msingi ambayo michezo hujengwa juu yake) katika studio ya DICE, alikuwa miongoni mwa waliosukuma hoja hiyo kwa watengenezaji wa vifaa, na AMD ndio waliokubali. Mantle, kiolesura chao kipya, ilitangazwa Septemba 2013 na ikaingizwa katika Battlefield 4 mwanzoni mwa mwaka 2014. Mwaka huohuo Apple walitangaza kiolesura chao, Metal. Direct3D 12 ilifika pamoja na Windows 10 mwaka 2015, na Februari 16, 2016 muungano wa Khronos ukatoa Vulkan, iliyojengwa juu ya msingi wa Mantle. Ndani ya miaka mitatu, falsafa ya tasnia nzima ilikuwa imegeuka: draiva iwe nyembamba, isikisie kitu, na mwanaprogramu aseme kila jambo waziwazi.

Sehemu ya ahadi hiyo ilitimia, na lazima isemwe bila kinyongo. Kuandaa amri katika nyuzi nyingi sasa kunafanya kazi kama kulivyoelezwa, na injini kubwa zimejipanga upya kufuatana nako. Usimamizi wa kumbukumbu nao umehamia mahali panapofaa zaidi, kwa maana mchezo ndio unaojua kwamba kundi fulani la picha litahitajika hadi mwisho wa ngazi na kwamba bafa fulani, yaani eneo la kumbukumbu la kuwekea data, inaishi kwa fremu moja tu; draiva ya zamani iliweza kubahatisha tu kwa kuangalia nyuma. Doom ya mwaka 2016 ilipopewa Vulkan mwezi Julai mwaka huo, ongezeko la kasi kwenye kadi za AMD lilikuwa kubwa kiasi cha kuwafanya hata wenye mashaka waamini.

Tuutazame mfano huo kwa karibu, kwa sababu unafundisha zaidi ya ulivyotumiwa. Ulinganisho ulikuwa kati ya Vulkan na OpenGL, na draiva ya OpenGL ya AMD kwa Windows ilijulikana kuwa dhaifu. Kwenye kadi za Nvidia, ambazo draiva yake ya OpenGL ilikuwa imara, ongezeko lilikuwa dogo zaidi. Sehemu ya ushindi wa udhibiti ilikuwa basi kushindwa kwa draiva moja mahususi. Mwezi Julai 2022 AMD walitoa draiva iliyoboreshwa mno upande wa OpenGL, na michezo ya zamani ikapata kasi kubwa zaidi bila mtu yeyote kugusa mstari mmoja wa programu yake. Kazi iliyofanywa ndani ya draiva mara moja ilizifikia programu zote zilizowahi kuandikwa kwa OpenGL na bado zinaendeshwa kwenye kadi hizo. Kazi kama hiyo ikifanywa ndani ya mchezo mmoja, inaufaa mchezo huo peke yake.

Upande wa pili wa mizani ulionekana mapema. Michezo kadhaa ya mwanzo iliyoongezewa Direct3D 12 ilikwenda polepole kuliko toleo lake lenyewe la Direct3D 11, hasa kwenye kadi za Nvidia, ambao draiva yao ya zamani ilikuwa ikigawanya kazi katika nyuzi kadhaa ndani kwa ndani bila kumwambia mtu. Timu iliyokuwa na miezi michache na wahandisi wawili au watatu wa grafiki ilitakiwa kuandika upya kile ambacho kundi kubwa la wataalamu lilikiboresha kwa zaidi ya muongo mmoja, likiwa na nyaraka za siri za kadi mezani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walioubuni utaratibu mpya walikuwa hasa wahandisi wa injini kubwa na wa kampuni za kadi, watu ambao kwao mzigo huu haukuwa mgeni.

Hakuna mahali ambapo jambo hili lilijionyesha wazi kama katika matumizi ya kadi mbili kwa pamoja. Kwa miaka mingi, SLI ya Nvidia na CrossFire ya AMD ziliendeshwa na draiva: kadi moja ilichora fremu hii, nyingine ikachora ifuatayo, na kampuni iliandaa wasifu maalumu kwa kila mchezo mpya. Utaratibu ulikuwa na kasoro, fremu hazikufika kwa mwendo ulio sawa, lakini ulikuwepo. Direct3D 12 ilimpa mwanaprogramu mamlaka kamili ya kuziona kadi zote na kuzigawia kazi atakavyo, na wachache mno ndio waliotumia mamlaka hayo. Wamiliki wa kadi mbili walikuwa sehemu ndogo ya wateja, na hakuna meneja wa studio ambaye angelipia miezi ya kazi kwa ajili yao. Kampuni ya kadi ilikuwa na sababu ya kulipia, kwa kuwa ndiyo iliyouza kadi ya pili. Nvidia walitangaza kwamba kuanzia Januari 1, 2021 hawataongeza wasifu mpya wa SLI kwa kadi za RTX 20 na zilizotangulia, na kwamba msaada utabaki kwa michezo inayoshughulikia jambo hilo yenyewe. Michezo hiyo ilihesabika kwa urahisi. Udhibiti ulikabidhiwa kwa mtu asiye na sababu ya kuutumia, na uwezo mzima ukafa.

Sasa nirudi kwenye ule mlango unaogandisha skrini, kwa sababu hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu.

Katika utaratibu wa zamani, mchezo ulibadilisha hali moja moja: sheda hii, namna hii ya kuchanganya rangi, mpangilio huu wa data. Kadi nyingi hazina sehemu tofauti kwa kila hali hizo. Baadhi ya hali huingizwa ndani ya sheda yenyewe inapotafsiriwa. Draiva ililazimika kusubiri hadi amri ya kuchora itolewe ndipo ijue inachotakiwa kutafsiri, na hapo ikatafsiri kwa haraka, pengine kwa kutumia toleo la jumla kwanza huku toleo bora likiandaliwa katika uzi mwingine. Wabunifu wa Mantle, Direct3D 12 na Vulkan waliona huo kuwa ubahatishaji, na wakaamua kwamba sheda zote pamoja na hali zake zifungwe katika kitu kimoja, paipulaini, kitakachotengenezwa kabla ya kuhitajika. Kwenye karatasi uamuzi huo ni mzuri sana. Draiva inapata habari zote mapema, inatafsiri mara moja, na wakati wa kuchora hakuna la kushangaza.

Uamuzi huo ulisimama juu ya dhana moja tu: kwamba mchezo unajua mapema ni paipulaini zipi utakazozihitaji. Injini iliyoandikwa na timu ndogo ya wataalamu kwa ajili ya mchezo mmoja inaweza kujua. Doom inaweza kujua, na kwa kweli watengenezaji wake, id Software, wamekuwa makini kupunguza idadi ya sheda zao. Lakini michezo mingi ya leo inajengwa juu ya injini za jumla kama Unreal Engine, ambamo msanii anaunda nyenzo mpya za nyuso kwa kuunganisha vipande kwenye mchoro, bila kuandika msimbo, na kila nyenzo inazaa matoleo mengi kulingana na mwanga, ukungu, aina ya umbo na kiwango cha ubora. Michanganyiko inafika maelfu mengi, na ni ipi kati yake itakayotokea kweli hujulikana tu pale mchezaji anapoufungua mlango. Injini inaitengeneza paipulaini wakati huohuo inapotakiwa, na fremu inasubiri. Ndiyo hali ileile ya zamani, isipokuwa sasa draiva haina tena ruhusa wala nafasi ya kuificha.

Konsoli zimeepuka hili kwa sababu isiyohusiana na ustadi. Mashine zote za aina moja zina kadi ileile, hivyo sheda hutafsiriwa studioni na kusafirishwa zikiwa tayari katika lugha ya mashine. Kwenye kompyuta, matokeo ya tafsiri hutegemea kadi na hutegemea hata toleo la draiva, na akiba iliyohifadhiwa jana huweza kutupwa leo kwa sababu draiva imesasishwa. Mwanaprogramu amepewa jukumu la kutafsiri mapema kwa ajili ya kadi ambazo hana, nyingine zikiwa hazijatengenezwa bado, na kwa kompaila, yaani programu ya kutafsiri sheda, ambayo haoni ndani yake. Siwezi kuuita udhibiti. Ni kazi aliyosukumiwa mtu asiye na maarifa ya kuitekeleza, huku mwenye maarifa akiwa ameamriwa kunyamaza.

Tazama namna tasnia ilivyojaribu kujitoa hapo. Michezo ikaanza kuonyesha skrini ya kusubiri wakati sheda zinatafsiriwa, dakika kadhaa kabla ya kucheza. Steam, duka la michezo la kampuni ya Valve, ikaanza kuwagawia watumiaji sheda zilizokusanywa kutoka kwa wengine wenye vifaa vinavyofanana, jambo linalofaa hasa kwa Steam Deck, ambayo ni kompyuta yenye kadi moja inayojulikana na hivyo inafanana na konsoli. Mwaka 2022 Vulkan ikapata nyongeza inayoruhusu paipulaini kutengenezwa kwa vipande na kuunganishwa haraka wakati wa kuchora. Mwaka 2023 ikaja nyongeza nyingine inayoiondoa paipulaini kabisa kwa anayetaka, na kurudisha sheda na hali kama vitu tofauti, kwa namna ambayo mtu wa OpenGL angeitambua mara moja. Mwaka 2025 Microsoft nao wakaleta mpango wa kuwasilisha sheda zilizokwisha kutafsiriwa pamoja na mchezo unapopakuliwa. Hatua zote hizi zinairudisha kazi kwa draiva au kwa mwenye duka la michezo, watu wanaozijua kadi. Sioni aibu katika kurudi huko. Naona aibu kidogo katika kutokusema wazi kwamba ni kurudi.

Suala la vizuizi, yaani amri zinazoifanya kadi isubiri kazi moja ikamilike kabla ya kuanza nyingine, linafuata njia hiyohiyo, ingawa kwa makelele madogo zaidi. Vulkan ilimtaka mwanaprogramu atangaze kila wakati picha inapobadilisha matumizi, kutoka kuandikwa kwenda kusomwa, na ataje mpangilio wa ndani ambao picha inapaswa kuwa nao. Akisahau, mchezo unaweza kuonekana safi kwenye kadi ya kampuni moja na kuonyesha takataka kwenye kadi ya nyingine. Akizidisha tahadhari, kadi inasimama na kusubiri bila sababu. Apple katika Metal walichagua njia ya kati kwa miaka mingi: mfumo ulifuatilia wenyewe migongano ya kusoma na kuandika, na mwenye uhakika aliweza kuuzima ufuatiliaji huo kwa vitu alivyovichagua. WebGPU, kiolesura cha grafiki cha wavuti kilichofika katika kivinjari cha Chrome mwaka 2023, haimwachii mwanaprogramu kazi hiyo kabisa. Na mwaka 2025 Khronos wenyewe walitoa nyongeza inayoruhusu mpangilio mmoja wa jumla utumike karibu kila mahali bila kupoteza kasi, kwa kuwa kadi nyingi za kisasa hazikuhitaji tena tofauti hizo. Kwa miaka mingi basi wanaprogramu walitunza kwa uangalifu mkubwa habari ambazo kadi nyingi zilizipuuza.

Kinachojitokeza hapa ni kwamba swali la nani ana akili zaidi, draiva au mwanaprogramu, limetupotezea muda. Mwanaprogramu anaujua mchezo: data gani inaishi muda gani, kazi ipi inaweza kufanyika sambamba na ipi, fremu hii inaelekea wapi. Draiva inaijua kadi: lugha yake ya mashine, ukubwa wa akiba zake za ndani, mahali inapokwama. Kila maamuzi yalipohamishwa kumfuata mwenye habari, kama ilivyokuwa kwa nyuzi na kwa uhai wa kumbukumbu, kasi iliongezeka na imedumu. Yalipohamishwa kutoka kwa mwenye habari kwenda kwa asiye nazo, kwa jina la uwazi, tulipata vigugumizi, vizuizi vya bure na kadi ya pili isiyotumika. Pia kuna suala la wakati: habari nyingine hazipo kabisa studioni, zinapatikana tu kwenye kompyuta ya mchezaji, mchezo ukiwa tayari unaendeshwa, na hapo mwanaprogramu hayupo. Draiva ipo.

Wapo watakaojibu kwamba mwanaprogramu wa kawaida hatumii Vulkan moja kwa moja, anatumia injini, na injini ndiyo inayobeba ugumu. Ni kweli, na ndiyo maana napata wasiwasi zaidi. Pembetatu moja katika Vulkan, ikiandikwa tangu mwanzo, inachukua takribani mistari elfu moja. Vulkan inaruhusu mtengenezaji wa kadi ashushe kikomo cha migao ya kumbukumbu kwa wakati mmoja hadi 4,096 tu, hivyo kila programu kubwa lazima iwe na mgawaji wake wa kumbukumbu; AMD walitoa maktaba huria ya kufanya kazi hiyo, na matumizi yake yameenea mno kiasi kwamba kwa wengi ni kama sehemu ya Vulkan yenyewe. Injini imekuwa draiva mpya: inakisia, inaficha, inafuatilia hali, inahifadhi akiba, kwa kiasi kikubwa kama draiva ya Direct3D 11 ilivyofanya. Tofauti ni kwamba iko mbali zaidi na kadi, inajua machache kuihusu, na nakala yake imegandishwa ndani ya kila mchezo uliouzwa. Draiva yenye kasoro husasishwa mara moja kwa wote. Injini yenye kasoro inabaki ndani ya mchezo wa mwaka 2019 hata kama kasoro hiyo ilirekebishwa katika toleo la mwaka 2021, isipokuwa studio iamue kulipia kazi ya kuhama.

Hapo ndipo swali la muda mrefu linapoibuka, ambalo katika mabishano ya kasi halipewi uzito wake. Studio hufungwa, timu hutawanyika, na mchezo unaendelea kuchezwa. Nani anaurekebisha?

Elden Ring ilipotoka mwaka 2022, toleo lake la kompyuta lilisumbuliwa na vigugumizi. Wahandisi wa Valve, waliokuwa wakiitafsiri Direct3D 12 kwenda Vulkan ili mchezo uendeshwe kwenye Steam Deck, walieleza kwamba sehemu kubwa ya tatizo walilolishughulikia haikuwa sheda. Mchezo ulikuwa ukiunda maelfu ya vitu vya amri na bafa katika sehemu fulani, na usimamizi wa kumbukumbu ulizidiwa. Wakaongeza uhifadhi wa migao hiyo katika safu yao ya tafsiri, na mchezo ukawa laini zaidi kwenye kifaa hicho kidogo, bila wao kuwa na mamlaka juu ya msimbo wa mchezo. Walifanya kazi ya draiva ya zamani: walisimama katikati, wakaelewa kosa la mchezo, wakalifunika. Falsafa ya udhibiti kamili inasema nafasi hiyo ya katikati isiwepo. Mchezaji wa Steam Deck ana sababu ya kushukuru kwamba ilikuwepo.

Intel nao walijifunza somo hilo kwa njia ngumu zaidi. Kadi zao za Arc zilipoingia sokoni mwaka 2022 zilifanya vizuri katika Direct3D 12 na Vulkan, na vibaya katika michezo ya zamani ya Direct3D 9 na 11, kwa kuwa hawakuwa na miongo ya marekebisho ambayo washindani wao walikuwa wameyalundika ndani ya draiva. Walirudi mezani, na kwa baadhi ya michezo ya zamani wakategemea DXVK, mradi huria uliozaliwa kwenye Linux, unaotafsiri Direct3D kwenda Vulkan. Mtu anaweza kusema hili linathibitisha ubora wa draiva nyembamba, kwa sababu kampuni mpya inaingia sokoni kwa urahisi zaidi. Nakubali kwa sehemu. Mlango wa ushindani ulifunguka kweli. Lakini michezo ileile ya zamani ilipata kasi kubwa zaidi kwenye kadi zilezile ndani ya miezi michache, ikiwemo ile ambayo hakuna mtu aliyebaki wa kuifanyia marekebisho. Sijui njia nyingine ambayo jambo hilo lingeweza kutokea.

Hofu ya kurudia kisa cha Quake III ina msingi, na jibu lake halipo katika kuinyima draiva uwezo. Lipo katika kuifungua ionekane. Katika Mesa, mkusanyiko wa draiva huria unaotumika kwenye Linux, marekebisho mengi ya mchezo mmoja mmoja yameandikwa katika mafaili ya kawaida yanayotaja jina la programu na kinachobadilishwa, na yeyote anaweza kuyasoma. RADV, draiva ya Vulkan ya kadi za AMD iliyoanzishwa humo mwaka 2016 na watu wasio waajiriwa wa AMD, ilipata baadaye kompaila mpya ya sheda, ACO, iliyogharamiwa na Valve, ambayo ilifupisha muda wa kutafsiri na kuongeza kasi ya michezo kwa pamoja. Draiva hiyo ina ujuzi wa kina juu ya kadi, inaingilia kati pale mchezo unapokosea, na haina siri.

Michezo ya kwanza ya Direct3D 12 sasa imepita miaka kumi. Ndani yake kuna maamuzi kuhusu kumbukumbu, foleni na vizuizi yaliyofanywa kwa kuzipima kadi za mwaka 2015 na 2016, na yameandikwa waziwazi kabisa, kama kanuni mpya zilivyotaka. Kadi zitakazotoka miaka mitano ijayo zitatekeleza maamuzi hayo jinsi yalivyoandikwa, na waliokuwa na sababu ya kuyafanya watakuwa wamekwisha kuondoka zamani.